Floraidi Katika Maji ya Kunywa: Kwa Nini Kuyachemsha Hakutoshi

Mtu anayeleta sampuli ya maji maabara mara nyingi hutueleza kwanza kwamba maji yake ni maangavu, hayana harufu, na sabuni hutoa povu jingi. Na yote hayo huwa kweli. Hizo ni sifa ambazo macho, pua na mikono huzitambua. Floraidi, ambayo ni tatizo la miaka mingi katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, Arusha, ni kemikali ya asili inayoyeyuka majini, isiyojulikana ila kwa kupimwa.

Chanzo chake ni miamba na majivu ya volkano, ambayo maji hupita ndani yake yakiyeyusha madini kidogo kidogo. Kwingineko kalsiamu iliyomo majini huungana na floraidi na kuifanya itengane na maji kama chembe ngumu. Lakini maji ya miamba ya Meru huwa na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo floraidi hubaki imeyeyuka. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo huyafanya maji kuwa magumu na kuizuia sabuni kutoa povu. Kwa hiyo, katika eneo hili, povu jingi si ushahidi wa usalama hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango kikizidi, meno ya watoto ambayo bado yanajijenga ndani ya ufizi huweza kuota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki, na anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kudhurika mifupa.

Kuchemsha huua vijidudu, na tusiache kuchemsha. Hata hivyo, floraidi haiondoki na mvuke: maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ileile ndani ya maji machache zaidi. Magadi ya kulainishia maharage au makande nayo huweza kuiongeza, jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa.

Njia inayotumika Arusha ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Mifupa isipoungua vya kutosha huyatia maji harufu mbaya, na ikiungua kupita kiasi hupoteza uwezo wake. Hata mkaa mzuri hufika siku ukajaa. Maji hutoka maangavu kama jana, ilhali floraidi inapita yote, na ndiyo maana maji yaliyochujwa nayo yaletwe kupimwa mara kwa mara.