“Sukari nimeacha, nakula dona tu”

Maneno haya hayaishi kliniki ya kisukari. Mgonjwa chai anakunywa kavu, soda kaiacha, kipimo cha saa 2 baada ya kula kinasoma 15 (mmol/L), juu mno, na anailaumu mashine. Mashine haina kosa.

Dona imejaa wanga, na wanga ni glukosi (sukari ileile ya kwenye damu) zilizoshikana kwa mamia na maelfu. Ulimi hauonji utamu kwa sababu mnyororo ni mrefu mno. Amilesi ya mate, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya mwili) cha kukata wanga, huanza kuukata mdomoni, asidi ya tumbo huizima, kisha amilesi ya kongosho huendeleza kazi kwenye utumbo mwembamba na kuacha vipande vifupi, hasa maltosi (glukosi mbili zilizoshikana). Kimeng'enya maltesi na wenzake kwenye ukuta wa utumbo humalizia, glukosi ikaingia kwenye damu. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi hutoa glukosi inayokaribia gramu 75, kiasi kilekile anachonyweshwa mtu mzima maabara kupimwa kisukari. Na sahani ya mwenye njaa haiishii hapo!

Dona ina pumba na kiini, kwa hiyo ni bora kuliko sembe, sikatai. Lakini ikishasagwa laini na kusongwa, punje za wanga zimevimba na kupasuka kwa maji moto, na amilesi inazifikia bila shida. Acha kukadiria kwa macho: pima unga kabla haujaingia sufuriani, anza na gramu 50 kwa mlo, tangulia na mboga na maharage, kisha pima sukari saa 2 baadaye. Namba hiyo ndiyo ya kuamini.

Uji wa mtoto ukigeuka maji kikombeni, wengine husema umechacha. Ni kijiko: kimetoka mdomoni na mate, amilesi imeukata wanga. Kimea cha ulezi hufanya hivyohivyo, ila kitie uji ukishapoa kidogo, maana kwenye uji unaotokota kimeng'enya hufa.

Eti maji wakati wa kula yanazimua vimeng'enya? Kila kiungo cha wanga kinachokatwa kinahitaji molekuli ya maji. Kunywa.

Vidonge vya vimeng'enya vya kongosho ni vya mwenye kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha. Gesi ya maharage inatokana na sukari ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzikata, bakteria wa utumbo mpana wakazichachusha. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pikia mengine.