Sitini au Tisini? Kwa Nini Mzee Husikia Sauti Lakini Neno Likampita

"Anajifanya tu hasikii," mkaza mwana aliniambia kwenye kliniki yetu ya masikio hapa Kisumu, mama mkwe wake akiwa kando. Jumapili sokoni Kibuye, mwuza omena alisema tisini, mama akahesabu sitini, na wakazozana mbele ya watu. Nilipompima, masikio yake yalinasa hata milio midogo, vizuri tu kwa mtu wa miaka 68.

Tamka polepole: sitini, tisini. Irabu ni zilezile tatu. Kilichopishana ni s na t, na hiyo t ni mpasuko wa pumzi wa milisekunde chache, ilhali irabu hudumu na ina nguvu. Anayeshika mipasuko hiyo kwa wakati wake ni shina la ubongo, pale juu ya uti wa mgongo, kabla neno halijafika kwenye ubongo unaofikiri.

Kazi hiyo hupimika. Unabandikwa elektrodi, vijisahani vya kunasa umeme wa ubongo, utosini, kwenye paji na kwenye ndewe ya sikio, kisha silabi "da" inachezwa maelfu ya mara. Ukisinzia, afadhali zaidi. Umeme unaonaswa haufiki hata sehemu moja ya milioni ya volti, lakini hufuata umbo la sauti yenyewe kiasi kwamba ukiupitisha kwenye spika utasikia kitu kinachokaribia kuwa irabu. Mimi hilo bado hunishangaza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipima hivyo watu 586 wenye usikivu wa kawaida, kuanzia vichanga wa miezi mitatu hadi wazee wa miaka 72, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa mlio mfupi wa "ta!" usio na maneno, mtoto wa miaka miwili tayari hukaribia mtu mzima. Kwa sauti ya usemi mambo ni tofauti: watoto wa miaka 5 hadi 11 huwapita watu wazima kwa wepesi wa ubongo kujibu, kisha majibu hayo hutulia ujanani, na uzeeni huanza kuchelewa. Ucheleweshaji huo ni wa sehemu ndogo ya milisekunde, na huonekana zaidi pale konsonanti inapoingia kwenye irabu kuliko kwenye irabu yenyewe. Sababu mojawapo ni kupungua kwa kemikali zinazotuliza seli za neva, hivyo seli hazirushi ishara zao kwa pamoja kama zamani.

Ndiyo maana kumfokea mzee hakusaidii. Ukipaza sauti unairefusha irabu, ambayo hakuwa na shida nayo, na konsonanti inazama. Zima redio, kaa mbele yake aone midomo, tamka taratibu. Na nta itolewe kwanza. Nimewahi kusikiliza hadithi ndefu za ubongo kumbe sikio limeziba.

Mkaza mwana akasogeza kiti, akamtazama usoni: "Mama, alisema ti-si-ni."

"Tisini? Kwa kimkebe kile? Basi hata ningesikia nisingelipa."