Kumfundisha Mtoto Maneno Yaliyofupishwa katika Maandishi ya Kiingereza

Mtoto anayeandika "do'nt", "dont" au "di'dnt" huambiwa mara nyingi kwamba tahajia yake ni mbovu, ilhali kinachomkosesha ni kwamba hajaelezwa ritifaa, ile alama ndogo inayoning'inia juu ya mstari, ina kazi gani ndani ya neno. Kwa mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ritifaa anaifahamu tayari kutoka katika "ng'ombe" na "ng'ambo", ambako huitenga sauti hiyo na ile ya "ngoma" au "nguo", wala hakuna herufi iliyoachwa. Kiswahili nacho hufupisha, lakini hufupisha bila alama: "mwana wangu" huwa "mwanangu", "baba yake" huwa "babake". Akikutana na "didn't", mtoto huyo huitafuta sauti ya ritifaa, haisikii, na mwishowe huiweka popote.

Kanuni ya kumfundisha ni moja: katika ufupisho, ritifaa hukaa palepale herufi zilipoondolewa, si pale maneno mawili yalipokutana. Njia inayoifanya kanuni hii ionekane kwa macho ni mkanda wa karatasi ya manila. Mwalimu anaandika "did not" kwa maandishi makubwa, anaikunja karatasi mpaka nafasi kati ya maneno na ile "o" zifichike, kisha anachora ritifaa juu ya mkunjo. Mtoto aikunje na kuikunjua mwenyewe, kila mara akisoma umbo refu na umbo fupi kwa sauti, kwani asiyeweza kulirudisha neno katika urefu wake hajalielewa, hata kama amelinakili bila kosa.

Mtaala wa taifa wa England, unaotumika tangu 2014, huanza kufundisha tahajia ya maneno haya kwa watoto wa miaka 6 hadi 7. Watoto wengi wa huko, hata hivyo, huwa wameyasikia nyumbani tangu wakiwa wachanga, ilhali wengi wa kwetu huyakuta kwa mara ya kwanza kitabuni. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kumharakisha mtoto ambaye bado hajaizoea "is not" yenyewe.

Ni vyema kuanza na kundi la kukanusha, yaani "isn't", "wasn't", "didn't", "hasn't" na "couldn't", kwa sababu katika yote hayo herufi inayoondoka ni "o" peke yake. Yafuate "I'm", "he's", "you're" na "they'll". "Won't" iachwe nje ya mkanda, kwa kuwa haikunjiki kutoka katika "will not": ilitokana na umbo la kale la kitenzi hicho lililotamkwa "wol", na mtoto aambiwe tu kwamba hili ni la kukariri.

Ugumu mkubwa zaidi, ambao madaftari hayauonyeshi, uko masikioni. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo mtoto ama huongeza yake na kutamka "didinti", ama huiacha "t" ya mwisho ipotee. Katika imla, "I can't go" husikika kama "I can go", na sentensi nzima hugeuka maana. Mwalimu asitegemee "t" hiyo, kwa sababu hata wazawa wa lugha huimeza wanapozungumza haraka. Afundishe kwamba katika matamshi ya Kiingereza cha Uingereza "can't" ina irabu ndefu inayokaribia "aa", na kwamba irabu ya "don't" si ile ya "do". Dakika chache za kusikiliza jozi hizi kabla ya imla zina faida kuliko kurasa za kunakili.

"It's" na "its" zina kipimo rahisi: likunjue neno. Katika "The dog hurt its leg", ukisoma "it is leg" sentensi inaharibika, basi ritifaa haina nafasi. Kinachowachanganya watoto ni kufundishwa ritifaa ya umiliki, kama katika "Juma's book", siku ileile. Zitenganishwe kwa majuma kadhaa. Vilevile, 's huweza kuwa "is" au "has", na 'd huweza kuwa "had" au "would". Hayo yanaweza kusubiri madarasa ya juu.

Wazazi wanaowasaidia watoto nyumbani huuliza kwa nini mwalimu amekosoa jibu "Yes, I'm". Ufupisho wa namna hiyo hauishii sentensi. Husemwa "Yes, I am", ingawa "No, it isn't" inakubalika. Katika barua kwa mwalimu mkuu, maneno yaandikwe kwa urefu wake. Katika hadithi, mtoto aachwe afupishe ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa mhusika anayemwambia rafikiye "I do not know" kila mara husikika kama anasoma tangazo, na hata vigezo vya England vya kupima uandishi wa watoto wa miaka 10 hadi 11 hutaja ufupisho katika mazungumzo ya hadithi kuwa mfano wa kuchagua lugha inayofaa.