Maswali na Majibu: Vita Huacha Nini Mwilini na Akilini mwa Askari na Kamanda?

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia za Tanga zinazoishi na wazee waliopigana Vita vya Kagera, na kwa ndugu wa askari walioko kazini hivi sasa.

Swali: Baba yetu alirudi kutoka Kagera bila jeraha lolote. Kwa nini mama husema aliyerudi si yule aliyeondoka?

Jibu: Mwili wa binadamu unapoingia hatarini humwaga homoni, hasa adrenalini na kotisoli, ambazo huufanya moyo uende mbio, huufukuza usingizi na kuyatega masikio yasikie hata jani likianguka. Hali hiyo inafaa kwa dakika chache. Askari waliovuka mpaka wa Uganda pale Mutukula mwanzoni mwa mwaka 1979 na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili, wakiwemo mgambo waliokuwa wakulima na wavuvi muda mfupi kabla ya hapo, walikaa nayo kwa miezi, tena sehemu kubwa ya safari wakienda kwa miguu. Wengi hutulia baada ya wiki chache za kuwa nyumbani. Wengine hawatulii: huota mambo yale yale, hukwepa watu na mazungumzo yanayowakumbusha vita, hushtuka ovyo, na huonekana kama wasioguswa na furaha wala msiba. Hali hii ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya kila siku, madaktari huiita ugonjwa wa kiwewe.

Ugonjwa huu uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Wengi wa waliopigana Uganda walirejea nyumbani kabla ya hapo au karibu na wakati huo, na kwa hiyo haishangazi kwamba wengi wao waliambiwa tu wavumilie.

Swali: Je, kamanda huumia kama askari wake?

Jibu: Huumia, lakini mara nyingi kwa njia nyingine. Historia ya mji wetu inatoa mfano. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, waliokuwa wamebanana melini kwa wiki kadhaa na wengi wao wakitapika kwa kuchafukwa na bahari, akawashusha na kuwapeleka vitani bila kuwapa nafasi ya kupumzika nchi kavu. Walishindwa na kikosi cha Kijerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Kushindwa kule kulikuwa na sababu nyingi, ila mimi naona hali ya miili ya askari wale ilistahili kuhesabiwa pamoja na bunduki zao.

Miili ya makamanda nayo ihesabiwe. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo huanza kukosea kama aliyekunywa pombe kidogo, na kamanda ndiye anayekesha wakati wengine wakipokezana zamu. Zaidi ya uchovu lipo jeraha la dhamiri, yaani maumivu ya kujua kwamba amri uliyoitoa, hata kama ilikuwa sahihi, iliwapeleka vijana wako mahali ambapo hawakutoka. Jeraha hili huja zaidi na majuto, aibu na kujitenga kuliko hofu, ndiyo maana mzee aliyekuwa na cheo anaweza kukana kabisa kwamba anaumwa. Hata hivyo uongozi una upande wa kuponya: tafiti katika majeshi mbalimbali zinaonyesha kwamba askari wanaomwamini kiongozi wao na kuaminiana wao kwa wao hupata matatizo machache ya akili.

Swali: Tuangalie dalili gani kwa mzee wa miaka sabini na kuendelea?

Jibu: Mzee mwenye kiwewe akiwa barazani huchagua kiti kinachotazama barabara, mgongo ukiwa ukutani. Mlio wa baruti za wavuvi haramu, zilizosumbua pwani hii kwa miaka mingi, humfanya ainuke ghafla, jasho likimtoka, kisha akakasirika akiulizwa kulikoni. Usiku huweweseka. Msimtikise kumwamsha, kwa sababu anaweza kurusha mkono kabla hajajua yuko wapi. Simameni miguuni pa kitanda mmwite kwa jina. Dalili zilizotulia kwa miaka zinaweza kurudi akistaafu au akifiwa na mke. Mpimeni masikio pia, maana mizinga huharibu usikivu moja kwa moja, na asiyesikia hudhaniwa ana kiburi au amesahau.

Swali: Pombe humsaidia kulala. Tumwachie?

Jibu: Hapana. Humpa usingizi mwepesi, na jinamizi huzidi. Dawa za usingizi na kutuliza za kundi la diazepamu nazo haziponyi kiwewe, na mtumiaji huzizoea hata akashindwa kuziacha. Kama amezitumia muda mrefu, asiziache ghafla bila daktari.

Swali: Majirani wanasema ni majini. Tufanye nini?

Jibu: Dua isomwe kama familia inavyoamini, lakini isichukue nafasi ya tiba, na mgonjwa asifungwe kamba wala kuchapwa. Tiba ipo. Iliyo na uthibitisho mkubwa ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomrudisha mgonjwa kwenye tukio taratibu, pamoja na dawa kama setralini pale inapohitajika. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mkoa wetu pia una hospitali ya afya ya akili Lutindi, wilayani Korogwe.

Swali: Tumuulize habari za vita?

Jibu: Msimlazimishe, na asiulizwe aliua wangapi, hasa na wajukuu. Akianza mwenyewe, msikilizeni bila kumkatiza na bila kumwambia kwamba yamekwisha. Akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, ondoeni silaha na sumu za shambani, msimwache peke yake, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.