Je, wajua kwa nini dizeli ya 4x4 yenye kilometa laki nne inaweza kuwa bora kuliko yenye laki na ishirini?

Watu wengi wakienda kuangalia gari used jicho la kwanza linatua kwenye dashbodi. Wakikuta 400,000 imeisha hiyo, hata boneti hawafungui, wanahamia ya pembeni inayosoma 120,000 na roho inatulia. Kwa gari ndogo ya petroli sio wazo baya sana. Ila kwa 4x4 ya dizeli, hasa zile za zamani zilizokaa juu ya chesisi kama lori, hiyo namba peke yake haikuambii kitu cha maana, kwanza inaweza kuwa imechezewa (hilo tutalifikia), na pili hata kama ni ya kweli kabisa, inahesabu umbali tu. Haijui injini imewaka masaa mangapi, wala ilikuwa katika hali gani.

Hebu piga hesabu. Gari ya kwanza maisha yake yote ni barabara kuu, wastani kilometa 70 kwa saa, mpaka inafika 400,000 injini imewaka kama masaa 5,700 hivi. Ya pili ni ya mjini, foleni asubuhi foleni jioni, wastani wake ukiweka na ile kusimama inakuwa kilometa 15 kwa saa, basi 120,000 zake ni masaa 8,000. Yaani ile "mpya" injini yake imeshazunguka masaa zaidi ya elfu mbili kuipita ile "mzee". Ni kweli gari ikiwaka imesimama mizunguko ya injini ni michache, sikatai, lakini dizeli haipendi kabisa kuwaka bila kazi. Inavuta hewa nyingi na mafuta kidogo, kwa hiyo haipati moto vizuri, na ikikosa moto haiunguzi mafuta yote, masizi yanajaa kwenye njia za hewa na dizeli nyingine inapenya kwenye ringi za pistoni inaenda kuchanganyika na oili. Halafu kuna zile kuwasha za baridi. Gari ikilala oili nyingi inashuka chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), asubuhi ukiwasha vyuma vinasuguana na oili kidogo tu mpaka oili ipande. Gari ya safari ndefu inawashwa mara moja inaenda kilometa 500, ya mjini inawashwa mara tano kwa siku haijafika hata 30.

Sasa kwa nini dizeli inavumilia hizo laki nne wakati petroli nyingi zinakuwa zimeshachoka? Jibu liko kwenye namna inavyowaka. Petroli inawashwa na plagi. Dizeli haina plagi ya kuwashia, inachofanya ni kuigandamiza hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, kama unavyosikia pampu ya baiskeli inapata joto ukijaza tairi, ila huku joto linapita nyuzi 500, halafu mafuta yanapulizwa ndani yanashika moto yenyewe maana dizeli inajiwasha kwenye nyuzi mia mbili na kitu tu. Injini ya petroli ya kawaida inaigandamiza hewa kama mara 10, dizeli ni mara 16 mpaka 22. Presha ya namna hiyo ingepasua injini laini, kwa hiyo tangu mwanzo dizeli ilibidi iwe nzito. Ile ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi vizuri kule Augsburg mwaka 1897 ilikuwa na uzito wa tani kama 4 na nusu na ilitoa nguvu za farasi karibu 20 tu! Mpaka leo ukifungua dizeli ya zamani unakuta bloku nene ya chuma cha kuyeyusha, krankishafti ya kutisha, beringi pana. Na inazunguka taratibu, barabara kuu inaweza kuwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika wakati petroli ndogo inapiga 3,000. Tena dizeli yenyewe ina ulaini wa mafuta, haisafishi oili kwenye kuta za silinda kama petroli.

Mfano mzuri ni 1HZ ya Toyota, ile inayokaa kwenye Land Cruiser kuanzia 1990. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na nguvu yake ni farasi kama 130 basi. Ukiangalia kwenye karatasi unaweza kucheka, lita zote hizo halafu nguvu ndiyo hiyo? Lakini ndio siri yenyewe, injini kubwa inayofanya kazi ndogo haichoki haraka. TD42 ya Nissan Patrol nayo ni ukoo huohuo wa lita 4.2 silinda sita, hizi unazikuta zina kilometa za kutisha na bado zinapanda mlima na mzigo.

Hapa ndipo watu wanajichanganya, wakisikia dizeli inadumu wanadhani ni dizeli zote. Sio hivyo. Dizeli za kisasa za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalisha nozeli zote, yaani vipuliza mafuta) zinasukuma mafuta kwa presha ya bar 1,350 mpaka 2,000 na zaidi (tairi ya gari ina kama 2 na kitu, linganisha mwenyewe) na nozeli zake zimechongwa kwa vipimo vidogo kiasi kwamba maji kidogo au uchafu kwenye mafuta unaziua. Kwa hiyo kabla hujauliza kilometa uliza jina la injini (kama hizo 1HZ na TD42), kila injini ina ugonjwa wake unaojulikana. 1KD ya Toyota ya lita 3.0 inasumbua nozeli, na washa za shaba (vipete vya kuzibia chini ya nozeli) zikivuja masizi yanaingia kwenye oili yanaenda kuziba chujio la ndani ya sampu, oili haipandi tena na injini inakufa wakati gari ilikuwa inatembea vizuri tu. 1KZ, ya Toyota pia, ikichemsha silinda hedi inapasuka. ZD30 za mwanzo kwenye Patrol zilijulikana kwa kuyeyusha pistoni. Kwa injini kama hizi swali sio imetembea kiasi gani, swali ni ugonjwa wake umeshatibiwa au bado unakusubiri wewe.

Kwa komoni reli kuna kipimo kimoja rahisi mno ambacho mimi nisingenunua gari bila kukiona. Fundi anachomoa mipira ya kurudisha mafuta kwenye nozeli, anaweka vichupa vinne vya plastiki, kila nozeli na chupa yake, injini inaachwa iwake dakika chache. Unasimama tu unaangalia. Vikijaa sawasawa uko salama, ila ukiona kimoja kinakimbia, kimefika nusu wakati wenzake wako chini kabisa, hiyo nozeli imelika na inarudisha mafuta badala ya kuyapuliza. Bei ya nozeli unaiuliza hapohapo kabla ya kuendelea na maongezi ya bei ya gari.

Na kama ina chujio la masizi kwenye ekzosti, hizo gari za mjini ndio hatari zaidi, maana chujio linajisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la nyuzi kama 600 na safari fupi hazifiki huko, linaziba.

Sasa ukienda kuiangalia, nenda kabla haijawashwa siku hiyo. Mwambie muuzaji asiiwashe, halafu ukifika weka mkono kwenye injini, ikiwa ya moto jiulize kwa nini alikuwa na haraka ya kuipasha. Dizeli inawaka kwa mgandamizo, kwa hiyo ringi zikilika au valvu zikiwa hazifungi, mahali pa kwanza itakapolalamika ni kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto inaficha mambo mengi sana. Iwashe, sikiliza, angalia moshi nyuma. Mweupe kidogo unaoisha baada ya muda sio kesi, mweupe usioisha wenye harufu tamutamu ni kulanti inaungua, wa bluu ni oili, mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi hewa kidogo na mara nyingi unarekebishika.

Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka. Kapumzi kidogo kapo kwenye kila dizeli yenye umri, usishtuke. Ila ukikalaza kifuniko juu ya tundu kikawa kinaruka na moshi unatoka kwa kusukuma, presha inapita kwenye ringi, hapo unanunua overholi. Oili kuwa nyeusi isikutishe, dizeli inachafua oili ndani ya siku chache tu tangu servisi, kinachotisha ni oili iliyobadilika kuwa ute wa rangi ya maziwa, maana maji yameingia. Na rejeta pia, ifunguliwe ikiwa BARIDI, ikishawashwa ukaona mapovu yanakuja tu hayaishi, gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina neno.

Tukirudi kwenye kilometa kuchezewa. Dashbodi za kidijitali zinarudishwa kwa kamashine kadogo ndani ya dakika chache, hata sio fundi mkubwa anahitajika. Kwa hiyo usisome dashbodi, soma gari. Raba ya pedali ya klachi ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana kwenye kona, usukani unang'aa, ukingo wa siti ya dereva upande wa mlango umebonyea, hiyo sio 90,000. Na kama raba za pedali ni mpya kabisa kwenye gari ya miaka 15, nani kazibadilisha na kwa nini? Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashbodi inayowaka kila kilometa 100,000 au 150,000 kutegemea gari ilikotengenezewa, kukumbusha taiming belti ibadilishwe. Ulizia ilibadilishwa lini, tafuta stika kwenye boneti au karatasi ya gereji. Hii sio ya kupuuzia kabisa, kwenye dizeli pistoni ikifika juu inabaki nafasi ndogo mno kwa sababu ya ule mgandamizo mkubwa, belti ikikatika pistoni zinagonga valvu na habari ya injini inaishia hapo.

Kitu kingine, injini inaweza kuwa nzima na gari ikawa imekufa chini. Lala chini na tochi. Chesisi inaoza kuanzia ndani, tope linaingia kwenye yale mashimo linakaa na maji, nje unaona rangi nzuri. Hata Toyota mwenyewe mwaka 2016 alikubali kulipa mabilioni ya dola Marekani kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaoza, kwa hiyo jina kubwa halizuii kutu. Chukua kinyundo kidogo gonga taratibu, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Chesisi iliyopakwa lami nyeusi mpya wiki ya kuuzwa, mimi naitilia shaka kuliko yenye kutu ya kawaida ya juujuu.

Jaribu na 4x4 yenyewe, tena sehemu ya vumbi au kokoto, sio lami, maana zile za kuunganisha kwa mkono ukizifunga kwenye lami kavu zinajikaza zenyewe. Weka hai (4H), weka loo (4L), tembea mbele, rudi nyuma. Gari nyingi lever hiyo haijaguswa miaka na imeganda. Ukibadilisha kutoka mbele kwenda rivasi ukasikia mlio wa "kong", ni joiti za propela au difu.

Muuzaji akiwa mtu wa kuelewana mwombe fundi afungue nati ya kumwagia oili ya difu na ya giaboksi, nyingi zina sumaku kwa ndani. Ipangusie kidoleni. Ukikuta tope la kijivu laini kama poda iliyolowa ni kulika kwa kawaida, unafuta unarudisha, unaweka oili mpya. Ukikuta vipande vinavyoshikika, vyenye ncha, jino la gia limeshaanza kuondoka, funga nati, mrudishie funguo.