Edita ikisema bloku ina kodi batili, maana yake nini?

Umeandika jana, ukasevu vizuri, leo unafungua edita ya WordPress, programu ya kutengenezea saiti, unakuta onyo kwamba bloku (kipande kimoja cha makala, kama aya au picha) ina maudhui yasiyotarajiwa au batili. Tulia kwanza, maandishi yako bado yapo. Onyo linasema kodi iliyohifadhiwa hailingani na ile ambayo edita ingeandika yenyewe, basi.

Iko hivi. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni tagi, yaani alama zinazofungua na kufunga kipande cha maandishi, na tagi iliyofunguliwa mwisho ndo inafungwa kwanza, kwa hiyo ukianza na <b> kisha <i>, unafunga <i> halafu <b>. Ukivuruga huo mpangilio, au ukasahau kufunga div (tagi ya kisanduku), au ukaweka div ndani ya p (tagi ya aya), kodi inakuwa batili. Kinachochanganya wengi ni kwamba brauza hailalamiki, inakisia ulichotaka, inafunga tagi yenyewe na ukurasa unaonekana, ndo maana mtu anasema mbona kwenye saiti iko sawa. XHTML, aina ya HTML ya mwaka 2000, ilijaribu ukali, ukurasa ukitumwa kama XML (lugha ya tagi yenye kanuni kali) kosa moja tu brauza inagoma kuuonyesha wote. Baadaye HTML5 ikaandika kabisa kanuni za kukisia, ili brauza zote zikisie sawa.

Edita ya bloku haikisii hivyo. Ile ya WordPress, iliyoingia na toleo 5.0 Desemba 2018, kila ukifungua makala inasoma data ya bloku, inatengeneza HTML upya na kuilinganisha na iliyohifadhiwa. Nafasi tupu au mpangilio wa atributi (maelezo ya ziada ndani ya tagi) havihesabiki, ila tofauti nyingine inaisimamisha ikuulize, na mimi naona inafanya vizuri sana maana ingeendelea kimyakimya ingefuta kitu ulichoongeza kwa mkono.

Chanzo mara nyingi ni mtu kugusa HTML mwenyewe, au plagini (programu ndogo ya nyongeza) imeapdetiwa na sasa inaandika bloku tofauti na zamani. Pia kuna kodi iliyopitia Word, zile alama za kunukuu zinapinda na linki inakufa. Na ukitaka alama ya < ionekane kama maandishi, andika &lt; la sivyo inaweza kudhaniwa tagi.

Tafadhali usikimbilie kitufe cha kurekebisha bloku! Kopi kodi yote kwanza uiweke pembeni, kwa sababu kitufe kinajenga bloku upya kutokana na kile tu edita ilichoelewa, na klasi (jina unalolipa tagi ili kuipa mtindo) au atributi yako inaweza kupotea hapo. Kama uliiweka makusudi, geuza bloku iwe ya HTML, itabaki ulivyoiandika. Maandishi ya Word yapest kwa Ctrl+Shift+V yaje matupu.

Ukiipitisha kodi kwenye validata ya W3C, kikaguzi cha HTML cha shirika la viwango vya wavuti, ukaona makosa 30, anza na la juu kabisa, lirekebishe, pima tena, maana div moja isiyofungwa inaweza kuzaa makosa mengi huko chini na yakaondoka nayo.