Mpaka ulifunguliwa, ila si kwa kila mtu: kanuni za safari za Jamaica wakati wa korona

Tarehe 15 Juni 2020 Jamaica ilifungua viwanja vyake vya ndege kwa watalii. Ilikuwa haijapita hata miezi mitatu tangu izuie abiria kuingia nchini, na Marekani, wanakotoka wageni wake wengi, ilikuwa bado inatangaza maelfu ya wagonjwa wapya kila siku. Wapo walioita uamuzi ule wazimu. Lakini serikali ya Waziri Mkuu Andrew Holness haikuwa na pengine pa kukimbilia. Kisiwa chenye watu wasiotimia milioni 3 kilikuwa kimepokea wageni zaidi ya milioni 4 mwaka 2019: milioni 2.7 hivi walifika kwa ndege na kulala, na waliobaki walishuka kutoka meli za kitalii kwa saa chache, wakanunua kofia au kinyago, wakarudi melini. Aliyekuwa Malindi, Diani au Nungwi mwaka 2020 hahitaji kuelezwa nini hutokea mjini wageni wanapokatika ghafla.

Kwetu sisi tunaofundisha uchumi wa utalii, Jamaica ni somo zuri kwa sababu ilijaribu jambo ambalo nchi nyingi hazikulifikiria mapema. Haikujiuliza tu nani aingie. Ilijiuliza pia, akishaingia, afike wapi. Jibu lake lilikuwa kuchora ramani ndani ya nchi.

Ramani hiyo waliiita Ushoroba Stahimilivu. Ulikuwa ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini, kuanzia Negril upande wa magharibi, ukipita Montego Bay na Ocho Rios, hadi Port Antonio upande wa mashariki. Hoteli nyingi kubwa za nchi ziko humo. Baadaye wakaongeza ukanda mwingine kusini. Mtalii aliruhusiwa kukaa ndani ya ukanda tu, kwenye hoteli iliyokaguliwa na kupewa cheti na shirika la serikali liitwalo TPDCo. Akitaka kutoka kidogo, aliruhusiwa kwenda kwenye vivutio vilivyokaguliwa vilevile, kama maporomoko ya Dunn's River, tena kwa gari lenye kibali.

Tumchukue mgeni wa kutoka New York mwezi Julai mwaka huo. Kabla ya safari alijaza fomu mtandaoni kuomba idhini ya kuingia, na bila idhini hiyo shirika la ndege halikumpa nafasi ya kupanda. Kwa kuwa jimbo lake lilikuwa miongoni mwa yale yenye maambukizi mengi, kuanzia tarehe 10 Julai alitakiwa pia kuwa na majibu ya kipimo cha PCR yanayoonyesha hana virusi. Florida, Texas na Arizona nazo zilikuwa kwenye orodha hiyo. Alipotua Montego Bay alipimwa joto, akahojiwa na mhudumu wa afya, akapandishwa kwenye basi lililoidhinishwa, akapelekwa moja kwa moja hotelini. Kuanzia hapo ulimwengu wake ulikuwa bwawa, ufukwe wa hoteli, mkahawa wa hoteli na wahudumu waliovaa barakoa.

Kiafya, mantiki ni rahisi kufuata: mgeni akiugua, unajua alilala wapi na alikutana na nani. Kiuchumi, sasa tazama nani hayumo kwenye hadithi ya mgeni huyu. Hayumo mwenye nyumba ndogo ya wageni mlimani, mbali na ukanda. Hayumo mama anayeuza vikapu sokoni Ocho Rios. Hayumo mpishi wa kuku wa jerk, yaani kuku wa kuchomwa kwa viungo vikali, kando ya barabara, wala dereva wa teksi asiye na kibali. Hoteli ambazo mgeni hulipia kila kitu kwa pamoja kabla hajaondoka kwao, chumba, chakula na vinywaji, zilifaa kabisa kwa mfumo huu, kwa sababu tangu mwanzo zilijengwa ili mgeni asiwe na haja ya kutoka. Kanuni ya afya ikawa, bila mtu kukusudia, kanuni ya kugawa fedha.

Sisemi serikali ilikosea. Kusubiri hadi kila kibanda kikaguliwe kungekuwa kuwafungia njaa watu wote kwa usawa. Ila ni vizuri kusema wazi kwamba mstari wa ramani ulimchagua wa kula kwanza.

Mashambani nako pigo lilifika. Mkulima aliyezoea kuiuzia hoteli nyanya, pilipili na matikiti alijikuta na mavuno yasiyo na mnunuzi. Serikali ilinunua sehemu ya mazao hayo, na mwaka huohuo ikaanzishwa ALEX, jukwaa la mtandaoni linalomkutanisha mkulima na mnunuzi wa hotelini bila kupitia dalali. Lingefaa kuwepo hata bila korona. Visiwa vingi vya utalii, vyetu vikiwemo, bado vinaagiza kutoka nje vyakula ambavyo vingeweza kupatikana jirani.

Kuna upande wa pili ambao katika midahalo ya umma husahaulika: nchi inayotegemea utalii haiamui peke yake lini ifungue. Jamaica ilikuwa na kanuni zake, lakini kila nchi inayotoa watalii nayo ilikuwa na zake, na mara nyingi za kwao ndizo zilizokuwa na nguvu zaidi. Tarehe 26 Januari 2021 Marekani ilianza kumtaka kila anayeingia kwa ndege, raia wake wakiwemo, aonyeshe majibu ya kipimo kilichofanywa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, yanayoonyesha hana virusi. Hebu fikiria maana yake kwa familia iliyoko likizoni Negril: itapimwa wapi, na mmoja wao akikutwa na virusi, nani atalipia siku za ziada? Hoteli kubwa ziliweka vituo vya kupimia palepale, nyingine zikaahidi kumhifadhi bure mgeni atakayekwama. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita haina ubavu wa kutoa ahadi kama hiyo.

Mwisho wa mwezi huohuo Kanada ilikubaliana na mashirika yake ya ndege yasitishe safari zote za Karibiani na Meksiko hadi 30 Aprili 2021. Msimu wa baridi, wakati ambao Wakanada hukimbilia jua, ukayeyuka. Soko la Uingereza nalo lilikuwa limefungwa tayari, safari hii na Jamaica yenyewe: ilizuia ndege za Uingereza mnamo Desemba 2020 baada ya aina mpya ya kirusi kugunduliwa huko, na haikuziruhusu tena hadi Mei 2021. Kwa upande wa meli, marufuku ya Marekani ya Machi 2020 ilisimamisha safari zote zilizoanzia bandari zake. Meli ya kwanza kurudi Jamaica ilitia nanga Ocho Rios Agosti 2021. Kenya inaijua hali hii, maana iliwekwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza Aprili 2021 na ikabaki humo hadi Septemba, huku hoteli za Mombasa zikiwa wazi na hazina Mwingereza wa kumhudumia.

Ndani ya kisiwa chenyewe, wananchi waliishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku, saa zikibadilika kadiri wagonjwa walivyoongezeka au kupungua. Agosti 2021 hospitali zilielemewa na oksijeni ikapungua, serikali ikatangaza siku nzima za kutotoka, Jumapili hadi Jumanne. Hoteli ziliendelea na kazi. Unaweza kuitetea tofauti hiyo kwa hoja za afya, lakini mtu aliyefungiwa Kingston akitazama simuni video za wageni wakicheza muziki ufukweni hatazisikiliza hoja zako. Mei ya mwaka huo video za aina hiyo kutoka Negril, wageni wengi na barakoa chache, zilizua hasira nchi nzima, na vyeti vya baadhi ya maeneo yaliyohusika vikasimamishwa. Imani ya umma ni sehemu ya kinga. Ikipotea, hata kuwashawishi watu wachanjwe kunakuwa kazi, na Jamaica ilibaki kati ya nchi za Karibiani zenye viwango vya chini vya chanjo.

Niongeze jambo moja linalopitwa kirahisi. Ile fomu ya idhini ilikusanya taarifa nyeti za wasafiri, pamoja na majibu ya vipimo vyao. Februari 2021 ilibainika kwamba hifadhi ya mtandaoni ya mfumo huo, uliotengenezwa na mkandarasi, ilikuwa imeachwa bila ulinzi, taarifa za mamia ya maelfu ya watu zikiwa wazi. Fomu ya dharura nayo ni mfumo wa serikali, na inastahili kulindwa kama mfumo mwingine wowote.

Kanuni zenyewe zilikwisha hatua kwa hatua. Idhini ya safari iliondolewa Machi 2022, sharti la kipimo likafuata Aprili, na Juni Marekani ikaacha kudai kipimo kwa wanaorudi. Takwimu za wageni wanaolala zinaonyesha mwendo: takriban 880,000 mwaka 2020, milioni 1.46 mwaka 2021, karibu milioni 2.5 mwaka 2022, na mwaka 2023 idadi ikapita ile ya kabla ya janga. Ukisoma takwimu hizo peke yake utasema kisiwa kimepona. Abiria wa meli, hata hivyo, walikuwa bado chini ya milioni 1.5 za 2019. Na abiria wa meli ndiye mteja wa yule mama wa vikapu, kwa kuwa yeye hana hoteli ya kumfungia ndani. Tena, mwaka 2022 takriban wageni watatu kati ya wanne waliolala kisiwani walitoka Marekani. Biashara imerudi, na imerudi ikiegemea soko moja kuliko ilivyokuwa.

Sehemu ya uzoefu huu imeshavuka bahari hadi kwetu. Kituo cha kimataifa cha ustahimilivu wa utalii na kukabili majanga, kilichoanzishwa kwa juhudi za Waziri wa Utalii Edmund Bartlett na chenye makao yake Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, nchini Jamaica, kina tawi la Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Wenye hoteli ndogo na vyama vya waongoza watalii wa Pwani wanaweza kukiuliza maswali ya moja kwa moja. Likitokea janga jingine, ramani itachorwa wapi? Cheti kitatolewa na nani, na ada yake itakuwa kiasi gani kwa mwenye vyumba sita? Wachuuzi wa ufukweni watakaguliwa pamoja na hoteli au baada yake?

Na wakiwa huko waulizie pia mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa utalii ambao Jamaica iliuzindua Januari 2022. Sheria yake ilipitishwa 2019, kabla ya korona. Unawapokea wenye ajira za kudumu, wa mikataba na waliojiajiri, maana yake dereva na mchuuzi wa sokoni wamo, na serikali iliutengea dola bilioni 1 za Jamaica ili wale waliokaribia kustaafu wasitoke mikono mitupu.